Pikipiki ya mkataba: bei tunayoipigania na bei tunayoilipa

Kahawa ikianza kuanikwa Kamachumu na Nshamba, maduka ya pikipiki ya Bukoba Mjini nayo huanza kupanga bidhaa barazani. Pikipiki zinang'aa, viti bado vimefungwa nailoni, na kijana wa duka amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vumbi. Muuzaji anaijua kalenda ya mkulima kama mkulima mwenyewe. Anajua lini chama cha msingi kitalipa, na anajua kwamba baba mwenye kibanja na kijana asiye na kazi ataanza kufikiria bodaboda siku hiyohiyo.

Wasikilizaji wengi wa Muleba na Bukoba Vijijini wamekuwa wakituuliza swali moja kwa namna mbalimbali: bei halali ya pikipiki mpya ni ipi, na mtu afanyeje asipigwe? Tumelichukua swali hilo kama lilivyo. Jibu letu, baada ya kuangalia namna biashara hii inavyokwenda, ni kwamba wengi wetu hatupigwi kwenye bei ya pikipiki. Tunapigwa kwenye mkataba, na mara nyingi tunapigwa huku tukiwa tumeshangilia kupunguziwa elfu hamsini.

Mzee mmoja kutoka upande wa Izigo alitusimulia alivyoingia dukani na mwanawe.

"Karibu waitu," muuzaji alimwambia.

"Asante, kijana wangu. Hii mwisho wake bei gani?"

"Mzee wangu, hii ni milioni mbili, laki tisa na hamsini."

"Nipunguzie. Natoka mbali."

Walivutana robo saa nzima. Mzee akataja nauli, akataja karo za shule, akainuka kama anayeondoka. Mwishoni muuzaji akasema, "Kwa heshima yako, mzee, toa milioni mbili na laki tisa." Wakapeana mikono. Ndipo muuzaji akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo: "Unalipa taslimu, au tuandike mkataba?" Mzee hakuwa na fedha zote. "Hakuna shida. Kianzio laki sita, halafu kijana analeta elfu kumi kila siku, Jumapili anapumzika. Kwa wiki sitini."

Mzee akakubali. Alijua kwamba kijana wa bodaboda anaweza kuipata elfu kumi. Hakuna aliyetaja jumla.

Tufanye hesabu yake hapa. Siku sita kwa wiki, kwa wiki 60, ni siku 360. Mara shilingi 10,000 ni shilingi 3,600,000. Ongeza kianzio cha 600,000. Pikipiki aliyoipigania hadi ikafika 2,900,000 atailipia 4,200,000. Ile elfu hamsini ya robo saa ilizama ndani ya shilingi milioni moja na laki tatu ambazo hazikujadiliwa hata kwa dakika moja.

Kabla ya kurudi kwenye mkataba, tuseme machache kuhusu bei ya taslimu, kwa kuwa nayo ina mambo yake.

Pikipiki nyingi tunazoziona barabarani, ziwe Boxer, TVS au za Kichina, zinaingia nchini kwa meli kupitia Dar es Salaam. Zinafungwa na mafundi, zinapita kwa muuzaji wa jumla, kisha kwa wakala, halafu zinapakiwa kwenye lori kwa safari ya kilomita kama 1,400 hadi Bukoba. Kila aliyeishika ameweka faida yake. Ndiyo maana duka la mwisho, hasa dogo la Muleba mjini, halina nafasi kubwa ya kushusha bei ya taslimu. Ukiuliza maduka matatu kwa pikipiki ya aina ileile na ukubwa uleule wa injini, mara nyingi tofauti utakayokuta haizidi makumi ya maelfu. Kwa hiyo piga simu kwa maduka ya Bukoba, Muleba na hata Mwanza kabla ya kupanda basi. Muuzaji akikuambia bei ni kubwa kwa sababu mzigo wake umetoka Mwanza na kuchelewa kwenye kivuko, mkumbushe kwamba daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025.

Ukitaja aina, itaje yote. Boxer ya 100, ya 125 na ya 150 hazilingani bei, na ziko pikipiki zilizoundwa zifanane nazo kwa tangi na taa lakini si zenyewe. Uliza pia ilitengenezwa mwaka gani. Pikipiki iliyokaa miaka miwili ghalani bado huitwa mpya. Njia rahisi ya kupata fununu ni kusoma tairi: ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya alama ya yai, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 1422, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2022. Hapo una hoja ya kudai punguzo, tena hoja nzito kuliko nauli ya basi.

Faida kubwa zaidi kwa anayelipa taslimu iko kwenye vile vinavyoizunguka pikipiki. Je, bei uliyotajiwa ina usajili na namba ndani yake? Ina bima? Ina kofia ngumu mbili, ya dereva na ya abiria? Sevisi ya kwanza ni bure, na oili je? Tumesikia watu waliopunguziwa laki moja kwenye bei kisha wakaombwa zaidi ya hiyo "kwa ajili ya namba". Ni afadhali useme tangu mwanzo: nitajie bei ya pikipiki ikiwa barabarani, ina namba, ina bima, ina kadi yenye jina langu. Kwa ajili ya kadi utahitaji TIN, na TIN hutolewa na TRA bila malipo. Yeyote anayekudai fedha ya TIN anakuuzia kitu cha bure.

Kuna muuzaji atakayekuambia, "Bila risiti nakupunguzia laki moja." Inavutia, lakini ihesabu. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18. Kama shilingi 2,950,000 ina VAT ndani yake, kodi hiyo peke yake ni shilingi 450,000. Akikupa wewe laki moja na kodi asiilipe, yeye amebaki na laki tatu na nusu, nawe umebaki na pikipiki isiyo na ushahidi kwamba uliinunua. Sheria ya kodi inamhesabia kosa muuzaji asiyetoa risiti ya mashine, na mnunuzi asiyeidai vilevile. Siku ikitokea mgogoro wa umiliki, ile laki moja itakuwa ghali sana.

Kwenye magari yaliyotumika, jambo hili lina mwanga zaidi. Mtu wa Muleba anayetaka Noah au Probox kutoka Japani anaweza kuona mtandaoni bei ya gari pamoja na usafiri wa meli hadi Dar es Salaam, kisha akaingia kwenye tovuti ya TRA, ambako kuna kikokotoo kinachoonyesha makadirio ya kodi kwa aina na mwaka wa gari. Akiongeza gharama za bandari, usajili na mafuta ya kulileta Kagera, anaingia kwa dalali akiwa na namba zake mkononi. Mnunuzi wa pikipiki mpya hana kikokotoo kama hicho. Namba zake ni zile atakazokusanya kwa simu na kwa mdomo.

Sasa turudi kwenye mkataba.

Hatusemi kwamba mkataba ni wizi. Mwenye pikipiki anayo hofu yake, na ina msingi. Kijana anaweza kuondoka na pikipiki usiku akavuka Mutukula. Anaweza kupata ajali mwezi wa pili. Wauzaji wengine nao wanazilipia pikipiki hizo kwa mkopo wa benki. Ni haki mtu anayekukopesha kwa miezi 14 adai zaidi ya anayelipwa leo. Tunachouliza ni kiasi gani zaidi, na kwa nini jumla hiyo haitamkwi.

Angalia tena hesabu ya mzee wetu. Alitoa laki sita, kwa hiyo alichokopeshwa ni 2,300,000. Atarudisha 3,600,000. Na hakai na deni lote kwa miezi yote 14, kwa sababu kila jioni linapungua elfu kumi. Ukikokotoa kwa deni linalopungua, hiyo ni riba ya zaidi ya asilimia 6 kwa mwezi. Ili kupata kipimo: Benki Kuu iliwawekea wakopeshaji wa daraja la pili la huduma ndogo za fedha ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, na hata hao wapo tunaowaita kausha damu. Muuzaji wa pikipiki kwa mkataba hajiiti mkopeshaji. Anasema anauza tu.

Jambo linalotupoteza wengi ni ile elfu kumi. Fedha ya kila siku huonekana ndogo. Muuzaji mwingine atakuja na neno tamu zaidi: kianzio laki tatu tu, na elfu nane kwa siku. Mama mmoja wa Rubya alituuliza kwa nini mwanawe asichukue hiyo, maana ni nafuu. Ukisoma karatasi, hakuna Jumapili ya kupumzika na siku ni 600. Mara elfu nane ni 4,800,000, ongeza laki tatu, inakuwa 5,100,000. "Nafuu" hiyo inazidi mkataba wa mzee wa Izigo kwa shilingi laki tisa. Ukijadiliana kuhusu hesabu ya siku bila kuigusa idadi ya siku, muuzaji anaweza kukukubalia kila unachoomba na bado akaondoka na faida kubwa zaidi.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani, kabla ya kianzio na kabla ya elfu kumi, liwe hili: nikimaliza kulipa, nitakuwa nimetoa shilingi ngapi kwa jumla? Akisita, fanya hesabu mwenyewe kwenye simu mbele yake. Kisha jadilianeni juu ya namba hiyo.

Na hapa kuna kipimo ambacho mtu wa kahawa anaweza kukitumia. Katika mkataba wa mzee, kila shilingi laki moja aliyokopeshwa anairudisha kama laki moja na elfu hamsini na sita. Maana yake, akiongeza laki moja kwenye kianzio, siku zinazopungua zinapaswa kuwa 15, si 10. Wauzaji wengi watakupunguzia siku 10 na kusema ni haki, kwa kuwa laki moja ni elfu kumi mara kumi. Hizo siku tano zinazobaki ni riba ya deni ambalo hukulichukua. Ukiongeza laki tano kwenye kianzio, ni siku 25 za kazi unamwachia bure.

Hili linatufikisha kwenye jambo linalotuuma zaidi, nalo ni butura.

Kila mtu Kagera anajua butura. Unauza kahawa ikiwa bado maua au kijani mtini, kwa bei ya mwenye fedha, kwa sababu una shida leo. Serikali imeikataza kwa miaka mingi na bado ipo, inafanyika jioni, ndani, kwa maneno. Zamani sababu zilikuwa ugonjwa, msiba na karo. Siku hizi tunasikia sababu nyingine: kianzio cha pikipiki. Kijana amesikia kuwa duka lina "ofa" mwezi huu, anamsukuma baba, baba anaita mnunuzi wa butura.

Chukua mfano. Familia inahitaji laki sita. Mnunuzi wa butura anatoa laki sita kwa kahawa ambayo msimu ukifika ingeleta milioni moja na laki mbili. Pikipiki inachukuliwa kwa mkataba uleule wa 4,200,000. Jumla iliyotoka kwenye familia hiyo si milioni nne na laki mbili tena, kwa sababu laki sita nyingine zimebaki mtini kwa mtu mwingine. Ni 4,800,000 kwa chombo ambacho dukani kilikuwa 2,900,000. Na kama wangesubiri miezi mitatu, kianzio chao kingekuwa milioni moja na laki mbili badala ya laki sita, na deni lingeshuka hadi 1,700,000. Kwa kipimo kilekile cha mkataba, siku za kulipa zingepungua kutoka 360 hadi 266 hivi.

Misimu ya karibuni imeufanya mtego huu uwe mkubwa. Mwaka 2024 bei ya robusta katika soko la London ilivunja rekodi na kupita dola 5,000 kwa tani, baada ya ukame kuathiri Vietnam, mzalishaji mkubwa wa kahawa hiyo duniani. Bei ikipanda namna hiyo, anayenunua butura ndiye anayevuna kupanda kwake, wala si aliyepalilia. Na bei haipandi kila mwaka. Familia iliyosaini mkataba wa miezi 20 ikitegemea bei ya msimu mmoja imejifunga kwa kitu ambacho hakuna mtu wa Bukoba wala Muleba anayekitawala.

Tukiangalia kahawa inavyouzwa kihalali tunaona tofauti ya ajabu. Kwenye mnada wa kahawa ya vyama vya msingi, makampuni yanashindana, bei inatangazwa, na mkulima wa Kanyigo anajua mwenzake wa Muleba amepata kiasi gani. Fedha ileile ikiingia dukani, kila mtu anaingia peke yake, anaongea kwa sauti ya chini, na anatoka bila kujua jirani alipewa masharti gani. Mkulima huuza pamoja na wenzake, kisha huenda kununua peke yake. Vijana watano wa kijiwe kimoja wakiingia dukani na fedha za vianzio vitano, mazungumzo hubadilika. Pikipiki tano kwa siku moja si mzaha kwa duka lolote la Bukoba, na wanaweza kudai jumla ipungue, sevisi tatu za bure, na mkataba mmoja usomwe mbele ya wote.

Kikundi kina faida nyingine. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na inatolewa kwa vikundi. Haitoshi kwa wote, na foleni yake ina adha zake ambazo tumezizungumzia hewani zaidi ya mara moja. Lakini kijana anayesaini riba ya asilimia 6 kwa mwezi bila kwanza kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata yake amejinyima nafasi ambayo haikumgharimu kitu kuiulizia.

Yapo na masharti ambayo hayana namba, nayo yana uzito uleule.

La kwanza ni mvua. Anayeendesha bodaboda kati ya lami ya Muleba na vijiji vya milimani anajua kuna siku barabara haipitiki. Mkungu wa ndizi haushuki, abiria hatoki ndani. Mkataba wa siku saba kwa wiki haujui mvua. Wapo waliofanikiwa kuandikiwa siku mbili au tatu za gereji kila mwezi, zisizodaiwa bali kusogezwa mwisho. Siku moja ya namna hiyo inakusogezea mbele elfu kumi, na kwa muuzaji ni rahisi kuikubali kuliko kupunguza bei. Iombe.

La pili ni kulaza hesabu. Soma kinachosemwa ukishindwa kulipa siku tatu au wiki moja. Kuna mikataba inayosema pikipiki itachukuliwa na fedha zote zilizolipwa hazirudi, hata kama umebakiza mwezi mmoja. Mtu aliyekwisha kulipa milioni tatu na nusu anapoteza chombo kwa deni la elfu sabini. Dai iandikwe kwamba kabla ya kuchukua pikipiki atakupa taarifa na muda wa kutafuta fedha, na kwamba ikichukuliwa na kuuzwa, kinachozidi deni ni chako. Si kila muuzaji atakubali. Anayekataa hata kulizungumza amekueleza jinsi atakavyokuwa mwezi wa kumi na mbili.

La tatu ni wizi na ajali. Bima ndogo inamlipa mtu uliyemgonga. Haikulipi wewe pikipiki ikiibwa usiku Rwamishenye. Mkataba ukinyamaza, deni litabaki kwako na pikipiki haipo. Uliza bima kubwa inagharimu kiasi gani na nani anailipa. Muuzaji akisema ameweka kifaa cha kufuatilia pikipiki, uliza ni nani anayebeba hasara kifaa kikishindwa.

La nne, kadi. Wakati wa mkataba, kadi huwa kwa jina la muuzaji, na hilo linaeleweka. Lakini miezi 14 ni mingi. Mwenye kadi anaweza kufariki, akafilisika, au akaiweka kadi hiyohiyo dhamana mahali pengine. Chukua nakala ya kadi siku ya kwanza, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizogongwa kwenye chuma, na namba hizo ziandikwe ndani ya mkataba. Iandikwe pia kwamba ukimaliza kulipa, kadi inahamishiwa kwako ndani ya siku kadhaa zinazotajwa, na gharama za kuhamisha ni za nani. Tumewasikia vijana waliomaliza kulipa na bado wanafukuzia kadi, na kila wakisimamishwa na askari wanaonekana wanaendesha mali ya mtu.

Mkataba wa mdomo unatambuliwa na sheria zetu, lakini jaribu kuuthibitisha. Ulio kwenye karatasi uwe wa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, hivyo hatuoni sababu ya mkataba wa pikipiki ya Nshamba kuandikwa Kiingereza. Usisaini siku uleule uliosomewa. Nenda nao nyumbani, usomewe na mtu mwingine. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi ngazi ya wilaya na kata bila kutoza fedha. Uliza ofisi ya kata au ya ustawi wa jamii wanapatikana wapi. Muuzaji atakuambia ofa inaisha leo jioni. Pikipiki nyingine zitashushwa kwenye lori wiki ijayo.

Mwisho, hesabu ya kila siku ilipwe kwa simu, kwenye namba iliyoandikwa ndani ya mkataba, si mkononi kwa kijana wa bosi. Ukilazimika kulipa taslimu, daftari liwe mawili, moja lako na moja lake, na kila jioni yote mawili yasainiwe. Ujumbe wa miamala usiufute simu ikijaa. Mpelekee mtu wa nyumbani nakala kila mwisho wa wiki. Mzee wa Izigo ameanza kufanya hivyo. Alipotupigia mara ya mwisho alikuwa amehesabu malipo 112, na daftari la dukani lilikuwa na 104. Siku nane hizo ni elfu themanini, na ujumbe wote nane ulikuwa bado kwenye simu ya mwanawe.